Swali Ambalo Mashine Yako Hailiulizi Tena

Baba Furaha mpendwa,

Mama yako hahami tena. Amesema mwenyewe leo asubuhi, akichambua mchele barazani, mbele yangu na mbele ya jirani yetu Mama Zawadi: "Makobola nitaenda kusalimia tu, kisha narudia. Minye niko na kazi hapa." Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo mpya kuliko zote, na kwa sababu mwezi uliopita mfuko wake ulikuwa umefungwa kando ya mlango, kitenge chake cha safari kimekunjwa juu yake.

Mengine yote yanahusu mashine yako ya kuchapa. Sitaficha kwamba yamenichosha.

Unakumbuka siku tulipoileta. Uliinunua Bujumbura, imeshatumika, kwa mtu aliyekuapia kwamba mwenye nayo wa kwanza hakuwa na cha kuchapa. Tulipofika mpakani Kavimvira ulikuwa umeipakata, hutaki hata mimi nikupokee. Bwana mmoja wa forodha akafunua sanduku.

"Hii iko nini, mwalimu?"

"Mashini ya kuchapa."

"Inaandikaka yenyewe?"

"Ukiifinya vizuri."

"Basi ifinye. Iandike jina yangu, nione."

Hapakuwa na umeme wala karatasi. Ulimweleza hilo kwa utulivu wa mwalimu wa hesabu, naye akasema kama ni hivyo yeye anaona sanduku tu, na sanduku halina shida, tupite. Ulicheka mpaka nyumbani Kilibula.

Nyumbani ndipo mashine ilipoonyesha tabia yake. Mtu anatuma kazi kutoka kwenye simu, mashine inaipokea, kisha inanyamaza. Taa ndogo ya bluu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kwenye kioo chake, kidogo kama kiberiti, linatokea swali kwa Kiingereza: karatasi iliyomo si ya kipimo ninachokijua, niendelee? Unafinya OK. Linakuja la pili: una hakika? Unafinya OK tena. Ndipo inachapa. Karatasi yenyewe ilikuwa ileile inayotumika Uvira nzima, katika kila shule na kila ofisi. Mashine ilitoka nchi yenye kipimo kingine, na haikukubali kamwe kwamba imehama.

Wewe hukuona tatizo. "Iko rahisi," ulisema. "Finya OK mbili." Kila siku sauti ya mama yako ilitoka sebuleni: "Baba Furaha! Mashini yako imenuna tena!" Nawe ulitoka ulipokuwa, mara una sabuni shavuni, mara una kijiko mkononi, siku moja shati umelivaa mkono mmoja tu. Unafinya mara mbili, unarudi. Wanawake wa kwaya, waliokuja kuchapisha nyimbo zao, wanakupigia makofi. Nilikuomba ubadilishe basi hata lugha, iwe Kifaransa. Ulinijibu, "Acha muntu aongee luga ya kwabo."

Kazi ilikuwa ya mama yako. Tangu alipofiwa na baba yako akaja kukaa nasi, ndiye aliyepokea watu, akapanga karatasi, akakata, akakunja. Alijua ni kikundi gani cha kanisa kinachotaka nyimbo zake upande mmoja wa karatasi, na ni mzee gani anayetaka maandishi makubwa kwa sababu hataki kuonekana na miwani. Wewe ulifinya tu.

Kisha mwaka jana ukafa, ghafla, na hakubaki mtu wa kufinya.

Furaha yuko Bukavu kwenye masomo. Kazi yangu ya redio, ya kuhoji watu, unaijua: asubuhi natoka, jioni narudi na vumbi. Mama yako alibaki na mashine. Nilimwonyesha: ikiuliza, finya OK mbili. Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake Mama Zawadi akanipigia simu kazini.

"Mama Furaha, kuya nyumbani. Sijuwe kama kuna matanga."

Nilikuta wanawake wa kwaya wamejaa sebuleni, wengine vitini, wengine mkekani, mikono mapajani, hakuna anayesema neno. Katekista alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, tayari kutoa pole, ila hakujua ni pole ya nani. Mama yako alikuwa mbele ya mashine, ameinua kidole kutukataza hata kupiga chafya. Ile taa ya bluu ilikuwa inawaka na kuzima.

"Mama, umefinya OK?"

"Nyamaza. Iko inaita."

"Inaita nani?"

"Weye haukuzaliwa ku maji, hauwezi kujua."

Katekista akaninong'oneza, "Nani amekufa?" Mwimbaji mmoja akamjibu kabla yangu: "Bado."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilielewa kwa kumuuliza mama yako. Baba yake alikuwa mvuvi wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, huko Makobola, wa kuvua kwa taa, naye tangu utotoni alimfundisha jambo moja: taa ikianza kucheza juu ya maji na samaki wakaanza kuzunguka, hakuna anayegusa kitu wala kusema, mpaka wamejaa. Sasa mashine yako ilimwonyesha taa inayocheza. Akafanya anachokijua. Akangoja, akawanyamazisha watu. Mashine nayo ilikuwa inamngoja yeye. Wangekaa hivyo mpaka umeme ukatike.

Nilimfundisha upya. Akaitikia kwa kichwa, na mara iliyofuata nikamkuta vilevile, kidole juu, watu kimya.

"Mama, hii si ziwa."

"Najua haiko ziwa. Ni kidole inakataa."

Watu wakaanza kwenda Kimanga, kwenye vibanda vya fotokopi, ambako mwenye kibanda hufinya mwenyewe na hakuna anayeambiwa anyamaze. Mama yako akabaki barazani na mikono mitupu. Mtu aliyezoea kusalimiwa na nusu ya mtaa kabla ya saa sita akawa anahesabu pikipiki. Kisha nikaona mfuko umefungwa.

"Nakaa hapa nafanya nini?" aliniambia. "Kuchunga kiti ya mwanangu? Makobola kuna shamba ya muhogo. Ile inanijua."

Hapo nilikasirika, na unajua si kawaida yangu. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia aliyeunda kile kioo, mtu aliyelipwa ili afikirie jambo hilo moja tu, na ambaye sidhani kama aliwahi kumkalisha mama wa watu mbele ya kazi yake, akafunga mdomo na kumtazama. Na nilikukasirikia wewe. Sebule yangu ilikuwa imetawaliwa na swali moja la kijinga, na mtu pekee aliyelijua jibu alikuwa amelala makaburini.

Nilifanya kama ninavyofanya kazini. Jumapili, baada ya misa, niliketi kando ya mama yako na mashine ikiwa katikati yetu. Sikumuuliza kama anaielewa. Nilimuuliza anataka ifanye nini.

"Itoe karatasi. Nikisema simama, isimame."

"Tena?"

"Tena nini? Iko mashini, haiko bwana."

Mambo mawili basi. Nami nikatazama alichopewa kwa ajili ya mambo hayo mawili: mishale minne, nyumba iliyochorwa, duara, alama ya kuuliza, na kioo chenye kurasa ndani ya kurasa. Nikamuuliza kimojakimoja anaona nini. Nyumba aliiona kama ruhusa ya kwenda nyumbani, kazi imeisha. Ndiyo maana kila mara aliifinya mwishoni, kwa adabu, na mashine ikaiacha karatasi ya mwisho katikati. Alama ya kuuliza aliiona ndoano.

"Ile sigusi," alisema. "Itanishika."

Nilichukua boksi la sabuni, nikakata kipande cha kufunika uso wote wa mashine, nikaacha matundu mawili tu. Tundu la kulia, la OK, ianze. Tundu la kushoto, la duara, isimame, na kitufe chake nikakipaka rangi nyekundu ya kucha ya Furaha. Nyumba ikafunikwa, ndoano ikafunikwa, mishale yote ikafunikwa. Mama yako alipitisha mkono juu ya kadibodi akasema sasa mashini imevaa.

Ikabaki taa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kwa mara nyingine kwamba taa ikicheza ndipo aguse, nikauona ujinga wangu mwenyewe: kumtaka mwanamke wa umri ule aache alichofundishwa na baba yake ndani ya mtumbwi kwa ajili ya taa isiyozidi punje ya mahindi. Nikaiziba kwa utepe mweusi. Karatasi zikiisha, zinaonekana zimeisha. Hakuna anayehitaji taa kwa hilo.

Lakini swali lilikuwa bado huko ndani, na kadibodi haifuniki swali. Ilibidi niingie kwenye mipangilio ya mashine, mshale kwa mshale, kamusi ya Furaha ya Kiingereza magotini. Kulikuwa na kurasa ambazo siwezi kuamini kwamba kuna mtu duniani amewahi kuzihitaji. Mwishowe nikaupata ukurasa niliokuwa nautafuta. Juu palikuwa na jina la mashine. Chini yake, kipimo cha karatasi. Na penye jina palikuwa pameandikwa BABA FURAHA.

Jina hilo kila mtu wa Kilibula amewahi kuliona kwenye simu yake alipotaka kuchapa kitu. Sikuwahi kuuliza liliandikwa na nani, wala wapi, mimi ambaye nalipwa kwa kuuliza. Liliandikwa na wewe, kwenye ukurasa huo, herufi moja baada ya nyingine, kwa mishale hiyohiyo, kazi ya kumtoa mtu jasho. Na chini tu ya jina hilo, mahali ambapo kidole chako kilikuwa kimeshafika, kipimo cha karatasi hakijaguswa. Kukibadilisha ni mshale mmoja na OK moja.

Kwa hiyo ulijua. Silisemi kama dhana. Ulifika mpaka kwenye swali lile, ukalitazama, ukaliacha likae, kisha miaka yote ukawa unatoka na sabuni shavuni kulijibu.

Nilimwita mama yako aje aone. Nilikuwa na hasira na nilitaka shahidi. Aliinama, akalisoma jina polepole kama anavyosoma Biblia, kisha akacheka kidogo.

"Alipendaka kuitwa, huyu. Akiwa mudogo alikuwa anafichaka kasia ya baba yake, anakaa karibu, anangoja aitwe aitafute. Na anaipataka haraka sana."

"Na mulimwacha?"

"Baba yake alimwita. Minye nilimwita. Weye haukumwita?"

Nilikuita kila siku.

Nikamuuliza kama tuliache swali lako lilivyo. Nilidhani angekubali, na nilikuwa tayari kuvumilia. Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akaniangalia kama mtu aliyechelewesha kazi.

"Toa. Tukiita, nani atakuya?"

Nikafinya mshale mara moja, kisha OK; ikabaki OK moja tu, ya kuanzia kazi. Jina sikuligusa.

Mama Zawadi alileta simu yake tujaribu. "Haya, nimemtumia Baba Furaha," alisema, kama wanavyosema wote, bila kufikiri. Mama yako akaingiza kidole kwenye tundu la kulia. Karatasi ikatoka moja kwa moja, safi, na yeye akabaki na kidole hewani, anangoja kufinya mara ya pili.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha."

"Haina hata salamu."

"Afadhali," Mama Zawadi akasema. "Bwana wangu naye angejifunza. Anaulizaka kitu kimoja mpaka chakula inapoa."

Hivyo ndivyo hali ilivyo. Watu wanarudi kidogo kidogo, kwanza wa kwaya, halafu walimu wenzako. Mfuko wa mama yako umefunguliwa na vitu vimerudi kabatini. Kadibodi ya kwanza imelegea kwa unyevu wa ziwa, nimekata ya pili. Mashine ikikwama na karatasi ndani bado ni lazima nirudi kutoka kazini, na nikiwa njiani nasema maneno ambayo redio isingeyatangaza. Aliyeiunda angeweza kutuepusha na haya yote kwa mchana mmoja wa kukaa Kilibula.

Wewe nilikukasirikia wiki nzima. Nilikuwa nafua nguo nakulaumu, niko kwenye pikipiki nakulaumu. Siku moja nikagundua kwamba tangu mazishi sikuwa nimeongea nawe hata neno. Sasa naongea. Si kwa upole, lakini naongea, na sioni sababu ya kuacha.

Misa ya kutimiza mwaka wako ni Ijumaa hii. Karatasi za nyimbo, zenye picha yako mbele, ile ya shati jeupe, zinachapwa Alhamisi saa tatu asubuhi, kwaya ikija kuzichukua. Siku hiyo nimepangiwa kazi kwenye barabara ya Fizi, naondoka mapema na narudi jioni. Nilimwambia mama yako mashine ikisumbua anipigie. Amesema hatanipigia. Umeme ukiwepo, atafinya mwenyewe.

Mke wako anayekulaumu bado,
Mama Furaha