Mke Amehama na Mtoto kwa Sababu ya Mvuke Tu

Mpendwa mshauri, wengine hukuandikia wakiomba msaada, mimi nakuandikia nikidai haki yangu, kwa sababu nimeonewa na nimechoka kunyamaza, na nikimaliza kueleza nadhani hata wewe utashika kichwa.

Mimi ni fundi wa kupaka rangi magari, mwaka wa kumi na moja sasa, nina mke na mtoto mmoja wa kike wa mwaka na mwezi mmoja, ambaye tunamwita Bosi kwa kuwa akilia nyumba nzima husimama kumsikiliza, na nilikuwa mvutaji wa sigara tangu kabla sijaoa, pakiti nzima kwa siku na nyingine ya kuomba kwa jirani, lakini siku mke wangu aliponiambia ana mimba nilizitupa, mshauri, nilizitupa kweli, nikateseka, mikono ikatetemeka mpaka nikaharibu mlango wa gari la mteja ikabidi niupige msasa upya, na kilichoniokoa ni vepu, hii sigara ya umeme, ambayo haina moto, haina jivu, haina moshi, ni mvuke tu wenye harufu ya embe unaopotea hewani hata hujamaliza kuuona. Ukoo mzima ulinipongeza. Mama mkwe alinishika mkono akasema sasa nimekuwa mwanamume. Leo watu walewale wananitazama kama nimeua.

Chanzo ni hiki. Mke wangu ni fundi cherehani na anashonea nyumbani, sebule ndiyo karakana yake, mtoto anatambaa hapohapo chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mimi nikitoka kazini nakaa kwenye kochi langu navuta vepu yangu kwa amani, dirisha liko wazi, simsumbui mtu, mara mwanamke akaanza maneno, leo mtoto anakohoa, kesho nguo za wateja zinanuka embe, siku moja akachukua kitambaa cheupe akakipitisha kwenye kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja, kikatoka na utando unaonata, akaniuliza, "Baba Bosi, hiki ni nini?" nikamwambia ni vumbi, akasema, "Vumbi gani linanata?" nikawasha redio kwa sababu sikutaka ugomvi. Tulipompeleka mtoto kliniki kwa hicho kikohozi muuguzi akauliza kama kuna anayevuta sigara nyumbani, nikajibu haraka hakuna, na sikusema uongo, maana sigara niliacha, lakini njia nzima ya kurudi mke wangu alitangulia mbele na mtoto, kana kwamba nimeiba.

Wala usidhani mimi ni mtu nisiyejua hatari. Mwezi uliopita mteja aliingia kwenye chumba changu cha kupulizia rangi akiwa amembeba mwanawe begani, eti anataka kuona gari lake limefikia wapi, nilizima kompresa, nikavua barakoa, nikamtoa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, na mwenye gereji aliponisuta kwamba nimemfukuza mteja nilimwambia mapafu ya mtoto hayana spea. Kwa hiyo mtu kama mimi wa kuambiwa simjali mwanangu? Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, mimi nimeacha shari kamili, hiyo nusu tu ndiyo wameniandama.

Jambo moja dogo nalo niliseme usije ukasema nimeficha, kama wiki tatu zilizopita nilikuwa najaza vepu, nikaacha ile chupa ndogo ya maji yake kwenye mkono wa kochi nikaenda kupokea simu, kurudi namkuta Bosi ameishika mdomoni, kifuniko sikuwa nimekibana, akatapika mara mbili, akatokwa na mate mengi, akalegea, akalala, nikamfuta, nikambadilisha gauni, na mke wangu aliporudi kutoka kununua nyuzi nikamwambia mtoto amevimbiwa uji, na asubuhi aliamka mzima akawa anacheza, kwa hiyo lilipita na mke wangu hana habari nalo.

Sasa Jumapili iliyopita ndiyo walinimaliza. Bosi alichukua kijiko, akaweka mpini mdomoni, akavuta pumzi, akainua kidevu akapuliza fuuu, sawasawa na mimi, yaani sawasawa kabisa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nikamrekodi na kuwatumia mafundi wenzangu. Mke wangu hakucheka. Alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa dada yake, na tangu siku hiyo nikimpigia ananijibu neno lilelile, "Siku utakapoweza kutoka nje na vepu yako, na mimi nitaweza kurudi ndani na mwanangu." Kosa langu ni lipi, mshauri, kucheka na mtoto wangu?

Jumamosi tumeitwa kikao cha familia hukohuko kwa shemeji, dada yake huyo. Huyo shemeji ndiye anayemtia mke wangu maneno, na ni msomaji wako mkubwa, gazeti lako halimpiti, hulinunua kabla hata ya chai ya asubuhi, na ukisema neno yeye hufunga mdomo. Naomba uandike wazi kwamba mvuke haumdhuru mtoto, ili nikate jibu lako nilisome kwa sauti mbele ya wote. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Baba Bosi niliyekimbiwa

MSHAURI ANAJIBU

Baba Bosi,

Umedai haki, na utapewa. Sina hakika kama utaipenda.

Nianze na pongezi, usije ukasema nami nimetiwa maneno na shemeji yako. Kuacha pakiti nzima kwa siku si mchezo, na uliacha kwa ajili ya mtoto ambaye hata hukuwa umemwona sura. Mama mkwe wako hakukosea. Na nakukubalia jambo jingine: kwa mtu mzima aliyeshindwa kuacha sigara, vepu huenda ikamdhuru kidogo kuliko sigara. Lakini nusu shari bado ni shari, na hiyo nusu uliichagua wewe. Bosi hakuulizwa. Yeye alitambaa tu chini ya meza ya mama yake akakutana nayo.

Unauita mvuke. Mvuke hutoka kwenye birika. Kinachotoka kwenye hicho kidude chako ni ukungu wa vitone vidogo mno, na ndani yake mna nikotini, mna kemikali za kuleta hiyo harufu ya embe, na wakati mwingine mna chembe za madini kutoka kwenye waya unaopata moto. Mtoto wa mwaka mmoja anapumua haraka kuliko wewe, na mapafu yake bado yanajengwa. Wataalamu hawajamaliza kujua ukungu huo utamfanyia nini akikua, maana kitu chenyewe ni cha juzi, ila wanachokijua kinatosha kusema usivutie karibu na mtoto. Mtu akikwambia haijulikani yote, hajakwambia ni salama. Na kikohozi chake sijui kimetokana na nini. Daktari ndiye wa kusema, lakini atasemaje wakati baba wa mtoto anamjibu muuguzi kwa ujanja wa wakili?

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kupanda, Baba Bosi, na haijashuka. Wewe, fundi rangi wa miaka kumi na moja, ndiye wa kuniambia ukungu unapotea hewani? Ukipuliza mlango wa kushoto, mbona unafunika vioo vya upande wa kulia kwa magazeti? Kwa sababu unajua ukungu hautoweki, unatua. Ule utando kwenye kioo ungeuona kwenye gari la mteja ungeutambua kwa kuugusa kwa kidole kimoja, na usingethubutu kuuita vumbi. Umetua kwenye kioo, umetua kwenye vitambaa, umetua kwenye sakafu anayoipangusa mwanao kwa viganja kutwa nzima kabla hajavitia mdomoni. Ukiwa kazini unavaa barakoa, ukifika nyumbani unapuliza bila hata kumfunika mtoto gazeti.

Na yule mteja uliyemfukuza. Nimeusoma mstari ule mara mbili na nimekupenda hapo, ulifanya jambo jema. Mapafu ya mtoto hayana spea. Maneno yako hayo, siyo yangu. Mtoto wa mtu usiyemjua ulimzimia kompresa ukahatarisha kibarua chako. Wako wa kumzaa unashindwa kumzimia kidude cha mfukoni? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Sasa tufike kwenye hilo unaloliita jambo dogo. Niliposoma hapo niliweka barua chini nikasimama dirishani. Maji ya ile chupa yana nikotini nyingi, na nikotini ni sumu. Kiasi kidogo tu kinaweza kumuua mtoto wa umri wa Bosi. Kutapika, kutokwa mate, kulegea, hizo ndizo dalili zake, umeniorodheshea zote kwa mkono wako mwenyewe bila kujua unachoandika. Mtoto akiwa hivyo hafutwi na kubadilishwa gauni. Anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, na chupa unaibeba waione, wala humlazimishi kutapika. Bosi aliamka asubuhi kwa bahati tu. Kisha ukamsingizia uji, na uji wa watu hauna hatia.

Mkeo hajatiwa maneno na mtu. Ameona utando, amesikia kikohozi, amemwona binti yake akijifunza kuvuta kabla hajajifunza kusema. Na bado hajui la chupa. Kwa hayo aliyoyajua tu, ameondoka kwa adabu na amekupa sharti jepesi kuliko mimi ningekupa. Mimi kidude ningekitumbukiza kwenye debe la thina, hiyo dawa yako ya kuyeyushia rangi.

Basi sikiliza. Kuanzia leo ndani ya nyumba yako hakivutwi kitu, dirisha wazi au limefungwa, mtoto yuko au hayuko. Ukizidiwa toka nje, mbali na mlango, na ukirudi nawa mikono na badilisha shati kabla hujambeba. Chupa iwe juu, kwenye kabati lenye kufuli, na kujaza usijazie nyumbani. Kabla mkeo hajarudi futa hicho kioo, kochi, sakafu na miguu ya meza, kwa maji na sabuni, kwa mikono yako, na ile video waombe wenzako waifute. Rudini kliniki, umwambie muuguzi ukweli wote wa vepu na wa chupa, hata kama zimepita wiki tatu, na hapohapo uulize ni nani wa kukusaidia kuacha kabisa. Wapo, na kazi yao si kukucheka. Lakini usirudi kwenye sigara kwa hasira ya kusutwa. Umeshaacha kubwa kuliko hili, mikono ikitetemeka hivyohivyo.

Ulitaka jibu langu ulisome kwa sauti Jumamosi. Lisome, usiruke mstari. Ila kuna jambo hukulipigia hesabu: gazeti hili linatoka Alhamisi, na umeniambia mwenyewe ni nani hulinunua kabla ya chai.

Nilifikiri kuifuta ile sentensi ya chupa nikusitiri. Nikakupigia mara tatu kwa namba ya nyuma ya bahasha, ili ukamwambie mkeo mwenyewe kabla hatujachapa, na hukupokea. Nimeiacha. Haki ya mama kujua mwanawe alimeza nini ni kubwa kuliko haki yako ya kufichiwa aibu, na mficha maradhi kifo humuumbua, hasa pale maradhi yanapokuwa ya mwingine.

Kwa hiyo kama unasoma hapa ukiwa gereji, iache hiyo rangi uliyokwisha kuichanganya, ikigandia koponi na igande. Toka nje umpigie mkeo. Usianze na kikao, usianze na dada yake, wala usimwambie habari za mvuke. Anza na chupa.