Mstari wa 214

Free Area, Nakuru
Jumapili, 8 Februari 2026

Kwa dada yangu mpendwa Wangechi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu imepungua kuvimba, na yule ng'ombe wako wa maziwa amepona. Mimi niko salama, isipokuwa kifua kinachonisumbua kukicha. Habari za Ol Kalou? Wasalimie wote wa kanisani.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nisingeweza kuyasema haya nikiisikia pumzi yako. Soma polepole, usirukie chini.

Kazi yangu unaijua. Tangu mwaka wa 2001 natunza mafaili katika chuo kikuu kinachofundisha maofisa wa ustawi wa jamii, na hata baada ya kustaafu walinibakiza kwa mkataba. Wanafunzi hupelekwa nyanjani, huketi na watu waliopatwa na shida, huandika walichoelezwa. Sheria yetu ilikuwa moja. Faili hubeba namba tu. Jina la mtu huandikwa katika daftari jeusi. Anayesoma mafaili hafungui daftari, na mwenye daftari hasomi mafaili. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Kwa miaka ishirini na minne sikusoma faili hata moja.

Mwaka jana chuo kilipitisha mkakati wa kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta. Aliyeuandika ni Daktari Nerima, mama mchapakazi anayeniita baba. Alinipa nakala, kurasa arobaini na mbili. Fundi wake, Kiplimo, akaleta mashine ya kupiga mafaili picha, na kila akipita alinichokoza: "Mzee Kihara, umekalia hizo mafaili kama kuku ya kienyeji. Shuka basi, mayai tuweke kwa system!" Nilimjibu kwamba hata kuku huuliza kwanza mayai yanapelekwa wapi. Tukacheka.

Kisha nikafika ukurasa wa kumi na saba. Palikuwa pameandikwa kwamba majina yote ya daftari yataingizwa kwenye mfumo na kuunganishwa na mafaili, ili mtu akiandika jina, faili litokee. Unakumbuka Olenguruone, mwaka wa 1992, wakati wa mapigano ya uchaguzi, jirani alipokuja kutuambia ameona majina yetu kwenye karatasi ya watakaovamiwa, la baba likiwa la kwanza, na pembeni yake pameandikwa kwamba nyumba ni ile ya mlango wa bluu. Tangu siku ile siogopi panga kama ninavyoogopa orodha. Na daftari langu lilikuwa na watu mia tatu na kumi na mmoja, kila mmoja na mahali anapoishi, na uchaguzi mwingine unakuja.

Niliufunga mkakati hapo hapo. Mimi, ninayesoma hata gazeti lililofungiwa nyama, sikufunua ukurasa wa kumi na nane. Jumatano iliyofuata, saa nne, watu wakiwa kwenye chai, nililipeleka daftari kwenye shimo la takataka nyuma ya jikoni nikalichoma, ukurasa mmoja mmoja. Nikamwambia Nerima kwamba mchwa wamelimaliza. Aliniamini. Akanipa hata pole.

Basi, kwa kuwa hapakuwa tena na daftari la kulinda, sheria nayo ikakosa kazi. Nerima aliniomba nisaidie kusoma miandiko iliyofifia, ambayo mashine haikuiweza. Nikawa nasoma, Kiplimo akiandika. Wiki mbili zilizopita tulifika faili namba 214, lililoandikwa Februari 2008 katika kambi ya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi, pale uwanja wa maonyesho. Nakunukulia:

"Mtoto wa kike, takriban miaka miwili na nusu. Hajui jina lake. Amevaa sweta ya kijani, mkono wa kushoto ni wa manjano. Akilia humwita Bosi. Huenda ni mbwa."

Wangechi, sweta hiyo uliifuma wewe. Uzi wa kijani ulikuishia kule Keringet, ukamalizia kwa manjano, nami nikakucheka. Na Bosi, mbwa wenu, tulimzika nyuma ya zizi lenu.

Mwanao Njoki hakufa siku ile ya kukimbia, mkono wake ulipokuponyoka mbele ya lori la wakimbizi. Mwisho wa faili pameandikwa kwamba alikabidhiwa familia ya wakulima waliokuwa wamemzoea, na baada ya hapo: "Jina alilopewa na mahali aendako, tazama daftari." Kwa hiyo niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, katika majuma yale yale niliyokuwa nikizunguka makambi nikimwita.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Nerima ukweli. Hakunifokea. Alifungua mkakati ukurasa wa kumi na nane, akanigeuzia. Majina yangefungwa, yasionwe na yeyote, yafunguliwe kwa kazi moja tu: kuwakutanisha ndugu waliopoteana. Akasema, "Baba, si ungeniuliza tu." Tangu hapo amepiga simu kila mahali. Mwanafunzi aliyeandika faili lile alishafariki, na ofisi zote alizouliza hazina karatasi za miezi ile.

Kila Januari wewe hunipigia kuuliza kama nimesikia lolote, nami hukujibu bado. Mwezi uliopita nilikujibu hivyo, na siku hiyo sikukudanganya. Leo jibu ni hili: mwanao alitoka kambini akiwa hai, sasa atakuwa na miaka ishirini, na njia ya kumfikia niliichoma mimi.

Nimenunua daftari jingine. Kila asubuhi nayaandika yale majina kwa kukumbuka, na mpaka leo nimepata tisini na manne. Mstari wa 214 nimeuacha wazi. Nikifumba macho naona wino wa bluu na mahali panapoanza kwa L. Siwezi kuapa kama ni Longonot, Londiani au Lanet. Kesho naanza na Longonot.

Sikuombi unisamehe, na simu yako nisipoipata Januari ijayo nitaelewa. Ila ukikumbuka alama yoyote mwilini mwake, kovu, doa, hata namna alivyokanyaga, niandikie hilo peke yake, hata kama huna jingine la kuniambia.

Mungu akutunze huko uliko.

Ndimi kaka yako,
Hiram Kihara