Pale kwa Muigai

S.L.P. 318, Kikuyu
Kinoo
12 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Muigai,

Hujambo, na Anita hajambo? Hapa baridi ya Julai imetushika sawasawa. Mama anavaa sweta mbili na bado anawasha jiko mchana, lakini ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi pia niko salama. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikikueleza jambo zito unanijibu kwa alama ya kidole gumba, na hili nataka ulisome ukiwa umeketi. Millicent wa kanisani kwetu anasafiri huko wiki ijayo, ndiye atakayekuletea.

Nianze na kazi ya shule ya Anita. Mwambie shangazi yake amefurahi sana kuulizwa watu wa kwao wanaitaje ile spesi ya Kiingereza, mahali pasipo na kitu. Aandike kwamba hatuna neno moja. Mjini ninakofanya kazi neno ni nafasi: nafasi ya kuegesha gari, nafasi ya kazi, na getini kuna kibao cha kusema hakuna nafasi, kimekaa pale tangu niajiriwe. Nyumba ikikosa mpangaji tunasema iko wazi. Sufuria ikiisha chakula ni tupu. Jino likitoka ni pengo, na mtu akifariki pia ni pengo, hasa kwenye hotuba za mazishi. Ombwe nalisikia kwenye taarifa ya habari tu, sijawahi kulisikia sokoni. Utupu asiandike kabisa. Mama anasema mwalimu atadhani kwetu tunatembea uchi.

Na mwanya asiusahau, kwa kuwa anao mwenyewe kwenye meno ya mbele, na kwetu ni urembo. Ameurithi kwa mama yake, Kavata. Nilipoona ile picha yake ya shule nilicheka, kisha nikalia hapo hapo ofisini mbele ya watu. Pole tena, ndugu yangu. Mwaka mmoja si kitu. Uliposema nyumba imekuwa kubwa ghafla na siku hizi mnakula mkiwa mmesimama jikoni, nilitamani kuja, nami sina hata pasipoti. Inaniuma kwamba ulimzika mkeo ugenini na hakuna hata mmoja wetu aliyekushika mkono.

Sasa, hilo la ploti. Ulisema niiuze kwa sababu Kavata ndiye aliyeichora nyumba mliyotaka kujenga hapo, na bila yeye huoni la kukurudisha. Sikubishana nawe, na hata sasa sibishani. Ila ujue hali ilivyo. Magorofa yameizunguka pande zote isipokuwa upande wa nyumba yetu, ndiyo mahali pekee penye jua mtaani. Watoto wanachezea mpira hapo, wanaiita fildi. Wesonga, mlinzi wa gorofa la jirani, anaiita pale wazi, na anaanika nguo zake hapo. Mama ameilima sukuma wiki, na sijawahi kumsikia akisema ni tupu. Anasema, "Naenda pale kwa Muigai."

Nilimtafuta Ndungu, yule broka, kabla ya kumwambia Mama, nikitaka kwanza kujua kama mnunuzi yupo. Jumapili iliyopita, tukiwa ndiyo tumetoka kanisani, akatokea bila kunipigia na mzee mmoja wa Loresho pamoja na mkewe. Mzee amevaa suti, mkewe amefunga kilemba. Wakawa wanatembea polepole kati ya sukuma wiki, wakiangalia mpaka, wakiuliza maji yanatoka wapi.

Muigai, Mama alinivuta jikoni uso ukiwa unang'aa. Akaninong'oneza, "Unaona Mungu? Hawa ni wazazi wa msichana. Wamekuja kuangalia boma kimya kimya."

Kabla sijafungua mdomo, kashatoka kuwakaribisha. Walipewa chai, chapati, na kuku aliyekuwa wa chakula chetu cha jioni. Mama akawaambia hunywi pombe, ulisoma, na moyo wako ni mpole kama wa baba. Akawahakikishia kwamba Anita hasumbui mtu. Mkewe yule mzee aliacha kutafuna. Mzee akamgeukia Ndungu: "Kwani hapa tunauziwa ploti ama tunapewa bwana harusi?"

Hapo nikalazimika kusema ukweli. Ningependa kukuambia tulicheka. Mama aliweka birika chini, kisha akaliinua tena akawaongezea chai, kwa sababu wageni ni wageni. Wale wazee ni watu wazuri. Wakiondoka, yule mke alimshika Mama bega akamwambia, "Shosho, sisi hatutachukua hapa." Ndungu hajanisalimia tangu siku hiyo.

Nilingoja Mama anifokee. Hakunifokea. Siku kadhaa alipika na kupalilia kama kawaida, nami nikaona heri angenigombeza. Jana mchana, tukichambua maharagwe, ndipo aliposema niandike, na naandika alivyosema yeye.

"Mwandikie hivi. Hiyo ploti ni yake, babake alimpa. Akitaka kuuza, auze. Lakini akuje mwenyewe na Anita, wakanyage hapo, wakule kwangu, ndio auze. Mimi siwezi uziwa mtoto kwa simu."

Nikamuuliza, je, itakuwaje ukija, uuze kweli, kisha urudi huko usije tena? Aliendelea kuchambua.

"Basi nitakuwa nimemwona," akasema.

Wesonga anakusalimu, na shangazi Waringa wa Kileleshwa anasema hajaacha kukutaja akisali. Mama amemfumia Anita kofia, imo kwenye mfuko wa Millicent. Bwana awatie nguvu asubuhi, na usiku awape usingizi.

Ni mimi dada yako akupendaye, uje usije,
Virginia