Kadzama Aliyoleta Profesa

Doha,
Ijumaa ya pili baada ya Idi

Kwako mama yangu, shikamoo.

Kadzo dada yangu, wewe unayemsomea Mama, funga mlango kwanza. Soma polepole na usiruke mahali hata ukiona nimesema vibaya.

Mama, mwaka wa tatu unakatika tangu uliponisindikiza hadi barabarani Kakuyuni na mfuko wa korosho ulizokaanga mwenyewe. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika? Na mvua, imeshika au imepita juu tu kama mwaka jana? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, ila mgongo. Kazi yetu siku hizi ni kutandaza kabro, yale matofali ya njia ya miguu, kando ya barabara mpya. Tunainama alfajiri, na jua likikaza tunafukuzwa kivulini, kisha jioni tunainama tena. Mikono imekuwa migumu hivi kwamba nikishika kikombe cha chai sijui kama ni cha moto mpaka nikinywe. Lakini sikuandika kulalamika.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu maneno ya simu hayana mwenyewe. Nikikutumia sauti kwa simu yake, Baba mdogo Kazungu huisikiza akiwa kilabuni, na kijiji kizima husikiza naye. Barua hii anakuja nayo Bwana Omari, tunayelala naye chumba kimoja, mtu wa Malindi mjini, asili yake visiwani huko juu. Yuaja likizo. Atakupa mkononi mwako. Asimpe mtu mwingine, hata akiambiwa ni mwanao.

Mama, ulinitumia habari kwamba Profesa Sidi alikuja nyumbani na kadzama. Ukasema kibuyu kilikuwa kimejaa tembo tamu, ukasema walikaa wazee watatu, na kabla hajaulizwa amekuja na neno gani, Baba mdogo alikuwa ameshakunywa nusu na kujifuta ndevu. Nilicheka peke yangu kitandani. Halafu kicheko kikanikauka.

Mtu mzima wa Kigiriama anakunywaje kadzama bila kuuliza ni ya nini? Hata mtoto ajua kwamba ukishainywa umefungua sikio, na aliyeileta ana haki ya kusema yake. Na alichosema ndicho kinachonikosesha usingizi: kwamba anajenga karakana ya akina mama ya kukamua mafuta ya nazi, kwenye shamba la marehemu babake, pale pale penye minazi yetu. Na kwamba ile itakayozuia jengo itakatwa, apande mingine mifupi mahali pengine.

Minazi ile aliipanda Babu. Babake Profesa alikuwa na ardhi, sisi tuna miti. Ndivyo walivyoelewana wale wazee na hakuna aliyewahi kugombana, maana kwetu mnazi ni wa aliyeupanda. Lakini serikali haijui hivyo, Mama. Serikali yajua hati. Hati ikitoka kwa jina la Profesa, mnazi wetu utakuwa mti tu juu ya shamba la mwenyewe. Hilo mimi wa darasa la saba nalijua. Profesa hatalijua?

Ndipo najiuliza. Huyu mwanamke alitoka Kakuyuni akasoma, akafundisha chuo kikuu, akawa mkuu wa kitivo, akapanda tena akawa naibu wa mkuu wa chuo chenyewe, ana gari na dereva. Kwenye simu nimesoma maisha yake yalivyoandikwa. Ukurasa mzima: ameongoza hiki, ameanzisha kile, amewezesha wanawake, amewezesha vijana. Mtu aliyepanda ngazi yote hiyo anashuka kwetu kufuata nini? Wengine wanasema ubunge. Wengine wanasema kuna wafadhili. Mimi nasema ardhi ya kando ya barabara haijawahi kumchosha mtu.

Sasa sikiza lililotokea. Ijumaa iliyopita tuliambiwa Profesa Sidi yuko hapa Doha kwa mkutano wa vyuo, na anataka kuonana na watu wa Pwani. Tukakusanyika kwenye hoteli ya Mhindi mmoja wa Kerala anayetupikia wali wa nazi. Akaingia na leso ya Pwani mabegani, anasalimia mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasimama.

“Wewe wa nani?”

“Mimi ni Karisa, mamangu ni Mbodze, wa Kakuyuni.”

“Karisa! Nimekubeba mgongoni wewe! Ukanikojolea nikiwa na nguo ya shule!”

Watu wakaangua kicheko. Jamaa mmoja kutoka Kikambala akapiga meza: “Basi Karisa hana swali leo, deni lake lamtosha!”

Nikasema, “Swali ninalo. Profesa, mtu aliyefika ulikofika wewe, chini huku anarudi kutafuta nini?”

Akavuta kiti akakaa, hakukasirika. Akaniambia, “Karisa, maisha yangu yote nimefundisha watu kuondoka. Kila mwanafunzi wangu aliyefaulu vizuri alihama Kilifi. Nikadhani wanaobaki ni wasiosoma. Halafu naja huku nakukuta wewe. Hukusoma, na umeondoka vile vile. Sasa kosa ni la nani?”

Mama, lilikuwa neno zuri, na liliniingia. Lakini kusema maneno mazuri ndiyo kazi iliyompa gari. Nikauliza tena.

“Na minazi ya mamangu?”

Akatazama leso yake. “Hilo nimelipeleka kwa wazee, kwa njia ya wazee,” akasema, kisha akainuka. “Haya, picha! Karisa njoo hapa mbele.”

Nikavutwa mkono. Nilikuwa na ovaroli ya kazi, vumbi la kabro kichwani, na kila mtu ananiambia cheka, Karisa, cheka, nami nikacheka. Jioni nikaiona picha kwenye simu. Chini yake imeandikwa kwamba wana wa Pwani walioko ughaibuni wanaunga mkono karakana ya mafuta. Mimi ndiye niliye mbele, meno yote nje, kama bwana harusi!

Kwa hiyo Mama, nakuomba sana: ukioneshwa picha hiyo, ukaambiwa hata Karisa amekubali, ujue Karisa hakukubali kitu. Aliambiwa acheke.

Nilirudi chumbani nimefura. Bwana Omari alikuwa anakunja nguo zake za safari. Nikamwambia yote. Yeye ni mtu wa msikitini, tembo hajawahi kuonja, akaniuliza, “Hiyo kadzama ndiyo kitu gani hasa?”

“Ni kibuyu cha tembo. Ukiwa na haja kwa watu, huwezi kuingia mikono mitupu ukasema nataka. Unapeleka kadzama, wazee wanakunywa, ndipo unaomba.”

“Hupelekwa kwa nani?”

“Kwa mwenye kitu.”

Akaacha kukunja shati. “Na Profesa aliipeleka kwa nani?”

“Kwetu.”

“Ndugu yangu,” akasema, “mtu huenda kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe? Mama huyo amesoma, hati za babake anazo, angeweza kuja na msumeno. Amekuja na kibuyu. Au amekiri minazi ni yenu, au amewapa ulevi mpate kusahau. Moja katika hayo mawili.”

“Na nitajuaje ni lipi?”

“Mwambieni aseme kwa mdomo wake. Mwenye nia njema huona rahisi kusema mara ya pili.”

Nimelala na neno hilo siku kadhaa, Mama, na nimeligeuza kila upande. Bado simwamini. Lakini nimekumbuka pia ulivyosema, kwamba akina mama wanataka uwe mwenyekiti wao. Sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye furaha, sijaisikia hivyo tangu Baba afariki. Madalali wanakuja kununua nazi zetu kwa bei ya maji, wanapeleka Mombasa, kisha mafuta yake tunayanunua dukani kwa chupa. Hilo Profesa hakudanganya. Sitaki uikose karakana kwa sababu ya wasiwasi wangu. Wala sitaki uwe mwenyekiti uliyekaa kwenye kisiki cha mnazi wako mwenyewe.

Basi fanya hivi. Usiweke kidole gumba kwenye karatasi yoyote. Wapimaji wa ardhi wakija, waambie kadzama bado haijajibiwa. Hata Profesa hawezi kulikataa hilo, maana ni yeye aliyeianzisha. Wazee wale watatu waliokuwapo siku ile, mwombe Kadzo awatembelee, awajulie hali, wasije wakasahau walichosikia. Na mnazi wowote usikatwe, hata ule mkongwe unaoinamia choo.

Kadzama hujibiwa kwa kadzama. Hiyo ya jibu nitaigema mwenyewe. Baba alinifundisha kukwea, na kabro hazijaninyang'anya miguu. Nitagema kwenye minazi ile ile ya Babu, tuwaite wazee, tumwite na Profesa, nimpe kata ya tembo mkononi nikimwambia mbele ya watu: karibu, hili ni tembo la minazi ya Mbodze. Akinywa, amesema minazi ni yetu. Hapo mimi ndiye nitakayetandaza sakafu ya karakana, bure, na itakuwa imenyooka kuliko barabara za Doha. Asiponywa, tutakuwa tumejua, na miti yetu bado imesimama.

Nisalimie shangazi yangu wa Kilifi anayeuza mahamri karibu na hospitali. Mwambie kanga yake nimeiweka. Msalimie shemeji, mume wa Kadzo, na ahsante kwa kuezeka jiko lako. Mke wangu nimemwandikia barua yake mbali, imo humu humu, msiifungue. Baba mdogo Kazungu mpe salamu nyingi za heshima, na umwambie kutoka kwangu: kibuyu kingine chochote kikiingia hapo nyumbani, kiwe cha Profesa au cha chifu, akitazame tu.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi, vuli zikianza, nitakuwa juu ya mnazi wa Babu. Mpaka siku hiyo, kadzama ni moja, na jibu halijatoka.

Mwanao anayekupenda,
Karisa