Mfupa wa Mama Unajijaza

Jumanne jioni

Bado natetemeka kwa furaha! Leo hospitalini daktari aliweka picha mbili za eksirei za mkono wa Mama, ya mwaka jana na ya leo. Baridi yabisi ilikuwa imeutafuna mfupa wa kidole, ukabaki na tundu. Nilihofu kwamba sindano anazochomwa Mama zinatuliza maumivu tu. Kumbe tundu limepungua!

“Mfupa umeanza kujijaza,” daktari alisema. “Msiache dawa.”

“Unaota kama jino la mtoto?” Mama akauliza.

Mimi, nisiyenyoosha hata mkono darasani, nikapiga vigelegele. Foleni nzima ikachungulia mlangoni.

“Weye! Unaniaibisha!” Mama akanifinya sikio, kwa vidole vilevile ambavyo mwaka jana vilishindwa kufunga kifungo.

Iliuma. Iliuma kweli! Nilicheka njia nzima hadi nyumbani, Old Kampala, nimeshika sikio.