Mafuta ya Lifti Yanakwenda Wapi?

Winnipeg, 14 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje huko Victoria? Huku baridi inatukata masikio, lakini tu wazima.

Nimepata jengo, Baba, la matofali, ghorofa nne. Chini nitaweka tanuri zangu za mikate, juu kuna wapangaji. Benki inataka niweke ile nyumba yetu rehani. Kinachonisumbua ni lifti, ya zamani, ile ya kusukumwa na mafuta. Inapanda vizuri. Lakini jioni niliiacha juu kabisa, asubuhi nikaikuta imeshuka kimo cha goti, na hakuna aliyeigusa. Muuzaji, mzee Thorvaldson, anasema ni uzee tu. Wewe umetengeneza lifti maisha yako yote. Uzee gani huo?

Binti yako,
Darka

Victoria, 23 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Wewe unakula, au mikate yote unauza?

Usisaini kitu. Lifti inashuka kwa sababu mafuta yanatoka, na swali ni yanakwenda wapi. Mwambie fundi akushushe kwenye shimo chini ya lifti, utakuta ndoo ya kukinga mafuta. Ikiwa na mafuta, ni mpira wa kuzuia mafuta umechakaa, kazi ndogo. Ikiwa kavu, na bado wanaongeza mafuta kwenye tangi, basi silinda, lile bomba la kuisukuma lifti lililozikwa ardhini, imetoboka na udongo ndio unaokunywa. Hapo kimbia. Ile nyumba nilimjengea mama yako, sikuijengea benki.

Baba yako

Winnipeg, 6 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, maana mimi silali.

Ndoo ni kavu. Ina buibui. Nilimuuliza Thorvaldson anaongeza mafuta lini. Akavua miwani, akaifuta weee, kisha akasema, "Kila Ijumaa, binti. Nilidhani utaangalia rangi za kuta tu, kama wenzako."

Mnunuzi mwingine anataka kuifunga lifti na kulijaza jengo zima magodoro ya kuuza. Bi. Fontaine wa ghorofa ya tatu, fundi wa vinanda vya kodiani, anatumia kiti cha magurudumu. Aliniuliza, "Na wewe utanitupa nje?"  Nifanyeje?

Darka wako

Winnipeg, 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, ila jirani yako ameniambia u mzima, umenuna tu.

Nimesaini. Thorvaldson atalipia silinda mpya na kusafisha udongo. Wakili ameyaandika yote mawili kwenye mkataba. Wataing'oa ile mbovu mwezi ujao. Kwa sasa Bi. Fontaine anafanya kazi chini, karibu na tanuri zangu, na wateja wanakuja kwa kodiani wanaondoka na mikate. Lakini nyumba iko rehani, na naogopa. Niandikie hata matusi.

Binti yako

Victoria, 11 Machi

Darka,

Marahaba. Nimekasirika, na bado sijamaliza. Nilikwambia ukimbie, ukaenda kununua.

Ila nikuulize. Hilo tundu, unadhani ni la ukubwa gani? Lipo chini kabisa au kwenye kiungo? Maisha yangu yote nimewaambia watu silinda yao imetoboka, na sikuwahi kuiona hata moja ikitolewa.

Tiketi nimeshakata. Waambie mafundi wasiguse kitu mpaka nifike.

Baba