Lita Ishirini Zinazokosekana

Jumanne, 14 Mei 2024

Sijawahi kumwambia mtu. Hesabu za masanduku ya spika za besi anayotengeneza kaka yangu mkubwa, yaya Mahamudu kama tunavyomwita, ni zangu. Mtaa wetu wote wa Kampemba unasema yaya ana sikio. Anabisha ubao kwa kidole, anafumba macho, watu wanashangaa. Vipimo viko mfukoni mwake — kwa mwandiko wangu. Hata Mama hajui.

Leo Papa Laurent, muuza samaki wakavu wa Pweto, ameagiza sanduku, bafle kama tunavyoliita, la gari litakaloongoza msafara wa arusi ya binti yake Benita. Nilimshauri yaya alizibe kabisa: besi safi, hakuna hatari. Akacheka. "Arusi haitake besi ya kunong'ona, mudogo. Weka bomba!" Basi, la bomba, tundu la kupumulia hewa. Lita themanini na nne.

Alhamisi, 16 Mei

Gundi imekauka. Limevikwa kapeti nyekundu. Zuri kweli!

Ijumaa, 17 Mei

Nikijisomea fizikia nyumbani nimefungua daftari la vipimo — nilipima kwa nje! Sentimita 60 kwa 40 kwa 35. Unene wa mbao sikuutoa. Ndani ni lita sitini na nne tu, lakini bomba nililipigia hesabu ya themanini na nne. Besi nzito ikishuka, hewa haitaizuia koni, ile karatasi ya spika inayotikisika. Itarukaruka mpaka ichanike. Katikati ya msafara, kesho! Na spika yenyewe Papa Laurent aliileta kutoka Zambia kupitia mpaka wa Sakania. Hapa hakuna nyingine kama hiyo.

Nimemwambia yaya. Akapitisha kiganja juu ya kapeti. Kisha: "Itashika ile siku moja. Nyamaza, Chadia."

Jumamosi, 18 Mei

Saa tatu asubuhi gari lilikuwa mbele ya karakana ya yaya, maua juu ya boneti, majirani wamejaa. Yaya alibisha ubao. Alifumba macho.

Papa Laurent aliniona nimenuna. "Na huyu mutoto? Ni arusi, haiko kilio!" Wakacheka. Akamwambia yaya afungulie muziki, mpaka mwisho.

Kidole cha yaya kilikuwa tayari kwenye kitufe.

"Papa, ngoja," nilisema. "Ile bafle nilikosea hesabu. Itapasua spika yako."

"Weye? Hesabu gani?"

"Za masanduku. Njo miye nazifanyaka. Zote."

Hakuna aliyecheka. Yaya hakunitazama. "Chadia, ingia ndani."

Sikuingia. Nilichukua bisibisi mezani, nikapanda nyuma ya gari, nikapiga magoti mbele ya sanduku. Skrubu zinazoshika spika ziko nane. Nikafungua ya kwanza.